Gilda Radner: Mcheshi Aliyetufunza Kusikiliza

Kusikia ni kipawa cha sikio. Kusikiliza ni kazi ya mtu mzima, moyo na akili yake vikiwa pamoja. Wengi hudhani kuwa tofauti hii ni ndogo, na kwamba inawahusu wanaisimu na walimu wa lugha pekee. Maisha ya mwanamke ninayekusudia kuyasimulia leo yanaonyesha kuwa si ndogo hata chembe. Alijipatia umaarufu kwa kuigiza ajuza asiyesikia vyema, na taifa zima likacheka. Miaka michache baadaye, yeye mwenyewe alipolalamika kuwa mwili wake unaugua, waliopaswa kumsikiliza walisikia jambo jingine. Alifariki kabla ya kutimiza umri wa miaka 43. Jina lake ni Gilda Radner.

Gilda alizaliwa tarehe 28 Juni 1946 jijini Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na yenye kujiweza. Jina alipewa kutokana na filamu iliyovuma mwaka huo huo, ambamo mwigizaji mkuu wa kike alikuwa Rita Hayworth. Baba yake, Herman Radner, aliendesha hoteli ambamo wasanii waliopitia Detroit walizoea kulala, naye alikuwa mpenzi mkubwa wa michezo ya jukwaani. Alimchukua bintiye kwenye majumba ya maonyesho tangu angali mdogo, na huko ndiko mtoto huyo alikojifunza kuwa kicheko cha watu wengi kwa pamoja ni kitu kinachoweza kutengenezwa.

Mtu wa pili aliyemlea kimawazo alikuwa yaya wake, mwanamke mtu mzima ambaye Gilda alimwita Dibby. Gilda alikuwa mnene utotoni, na wenzake shuleni hawakumhurumia. Yaya alimfunza mbinu ambayo baadaye ilikuja kuwa msingi wa kazi yake yote: ajitanie yeye mwenyewe kabla wengine hawajamtania, ili kicheko kiwe chake na wala si silaha mikononi mwa adui. Ni mafunzo yaliyomfaa, lakini hayakuiondoa chuki aliyokuwa nayo dhidi ya umbo lake. Akiwa na umri wa miaka kumi alipewa vidonge vya kupunguza uzito kwa ushauri wa daktari. Maradhi ya kutatizika na chakula, ya kula kwa pupa kisha kujitapisha, yalimwandama hata alipokuwa nyota.

Msiba mkubwa ulimfika akiwa na miaka 12, baba yake alipogunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Mzee huyo alilala kitandani kwa miaka miwili, akafa Gilda akiwa na miaka 14. Kwa hivyo neno saratani halikuwa geni kwake. Liliingia nyumbani kwao mapema na likaacha hofu isiyomtoka.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor mwaka 1964, lakini hakuhitimu. Mwishoni mwa mwongo huo alimfuata mpenziwe hadi Toronto, nchini Kanada. Penzi halikudumu, lakini mji huo ulimfaa. Mwaka 1972 alipata nafasi katika igizo la muziki la Godspell, pamoja na vijana waliokuja kuwa watu mashuhuri katika fani ya ucheshi, wakiwemo Martin Short, Eugene Levy na Andrea Martin. Kutoka hapo aliingia katika kundi la Second City la Toronto, ambalo waigizaji wake hubuni michezo papo hapo bila mswada. Baadaye alikwenda New York kufanya vichekesho vya redio na vya jukwaani pamoja na akina John Belushi na Bill Murray.

Hapa ni muhimu nikueleze, msomaji, hali ya runinga ya Marekani wakati huo. Kila Jumamosi usiku shirika la NBC lilikuwa likirudia kanda za zamani za kipindi cha Johnny Carson, mtangazaji aliyependwa kuliko wote. Carson alichoka na desturi hiyo, akataka marudio hayo yaondolewe Jumamosi ili yamfae siku nyingine. Pengo likabaki. Mkuu wa NBC, Herbert Schlosser, akataka lijazwe na kipindi kipya cha vichekesho kitakachotangazwa moja kwa moja kutoka New York. Kazi ya kukiunda ilimwangukia Dick Ebersol, na Ebersol akamtafuta mtayarishaji kijana kutoka Kanada, Lorne Michaels, aliyekuwa na umri wa miaka 30 tu.

Wazo hilo lilikuwa jipya na kuukuu kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1950 vichekesho vya runinga ya Marekani vilitangazwa moja kwa moja kwa wingi, kisha teknolojia ya kurekodi kanda ikaifisha desturi hiyo. Kanda husahihishwa, hukatwa, hupambwa kwa vicheko bandia. Matangazo ya moja kwa moja hayana msamaha: neno likimtoka mwigizaji, limetoka. Michaels alitaka hatari hiyo irudi. Alitaka pia kizazi kilicholelewa na Vita vya Vietnam na kashfa ya Watergate kipate kipindi kinachozungumza lugha yake, kikiwakejeli marais, matangazo ya biashara na runinga yenyewe.

Mwigizaji wa kwanza kabisa kuajiriwa na Michaels alikuwa Gilda Radner. Waliomfuata ni Dan Aykroyd, John Belushi, Chevy Chase, Jane Curtin, Garrett Morris na Laraine Newman. Kwa mzaha walijiita kundi ambalo halijawa tayari kwa saa za kilele. Kipindi kilianza tarehe 11 Oktoba 1975, saa tano na nusu usiku, katika studio ya 8H iliyomo katika jengo la Rockefeller. Studio hiyo ilijengwa kwa ajili ya redio, na humo ndimo Arturo Toscanini alimokuwa akiongoza okestra ya NBC. Mwenyeji wa usiku wa kwanza alikuwa mcheshi George Carlin. Jina la Saturday Night Live halikuwa lao mwanzoni, kwani shirika pinzani la ABC lilikuwa tayari limelitumia. Lao lilikuwa NBC's Saturday Night. Kipindi cha ABC kilikufa mwanzoni mwa mwaka 1976, na NBC wakalichukua jina mwaka 1977.

Utaratibu wa kazi ulikuwa wa kuchosha. Jumatatu mwenyeji wa wiki alikutana na waandishi na waigizaji. Jumanne waandishi walikesha. Jumatano michezo yote ilisomwa mezani, na mingi ikatupwa. Jumamosi jioni walifanya mazoezi ya mwisho mbele ya hadhira, wakaondoa tena isiyochekesha, kisha wakaingia hewani kwa dakika tisini. Wiki iliyofuata wakaanza upya. Katika mazingira hayo ya haraka, usingizi haba na ushindani mkali, wanawake walikuwa na mzigo wa ziada. Baadhi ya wanaume waliamini, na hawakuficha, kuwa mwanamke hawezi kuchekesha. Gilda hakubishana nao kwa hoja. Alijitwika kila dhima aliyopewa, akaanguka, akajigonga, akajiaibisha mbele ya mamilioni, na watazamaji wakatoa hukumu yao wenyewe. Mwaka 1978 alitunukiwa tuzo ya Emmy.

Wahusika aliowaumba walikuwa wengi, lakini wawili wanamhusu mwanafunzi wa lugha kwa namna ya pekee. Wa kwanza ni Baba Wawa, aliyemwigiza mtangazaji mashuhuri Barbara Walters, ambaye alikuwa na shida ya kutamka sauti /r/ na /l/. Gilda alizigeuza zote kuwa /w/, hata jina lenyewe likabadilika. Walters alikasirika mwanzoni. Baadaye alitulia, bintiye alipomwonyesha kuwa anapaswa kuipokea dhihaka hiyo kwa kicheko. Sisi walimu tunajua ugumu wa jambo hili. Katika madarasa yetu kuna mtoto ambaye lugha ya mama imempa /r/ mahali pa /l/, na wenzake humcheka hadi anakoma kunyoosha mkono. Kuna tofauti kati ya kumtania mtu mwenye mamlaka, anayeweza kujibu, na kumdhihaki mnyonge asiyeweza. Gilda aliielewa tofauti hiyo kwa sababu utotoni alikuwa huyo mnyonge.

Wa pili ni Emily Litella. Huyu alikuwa ajuza mpole mwenye sweta na miwani, aliyekaribishwa katika sehemu ya habari za mzaha ili atoe maoni yake kuhusu suala fulani la umma. Gilda alimuumba kutokana na Dibby, yule yaya wake, ambaye alikuwa na tatizo la kusikia. Ajuza angeanza kulalamika kwa uchungu: kwa nini watu wanapinga fidla kwenye runinga, ilhali ni ala nzuri yenye kuwafaa watoto? Alikuwa amekosea kusikia. Kilichopingwa kilikuwa ghasia, maana katika Kiingereza maneno hayo mawili hukaribiana sana kwa sauti. Siku nyingine alishangaa kwa nini kuna kampeni ya kuokoa vito vya Muungano wa Kisovieti, kumbe waliozungumziwa ni Wayahudi wa nchi hiyo. Mtangazaji aliyeketi kando yake, Chevy Chase na baadaye Jane Curtin, angemsahihisha. Ajuza angenyamaza kidogo, akatambua kosa lake, akatabasamu na kusema kwa ufupi kwamba basi, yaishe.

Kwa kuwa mzaha huu hautafsiriki, tujaribu wa kwetu. Mchukulie bibi kizee aliyesikia kuwa kila raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kula. Bibi anakuja mbele yetu na hotuba ndefu. Anauliza kwa nini mtoto wa miaka 17 anyimwe chakula. Anauliza nani atakayepika, na kwa nini shughuli hiyo ifanywe mara moja tu kila baada ya miaka mitano. Anaambiwa kuwa kilichotajwa ni kura wala si kula, naye anaomba radhi na kwenda zake. Kwa jinsi siasa zetu zilivyo, huenda asiwe amekosea sana.

Tunapofundisha fonolojia, maneno kama kura na kula tunayaita jozi za mlinganuo finyu: sauti moja ikibadilika, maana yote hugeuka. Lakini Emily Litella anatufunza zaidi ya hayo. Zingatia kuwa hoja zake hazikuwa na kasoro. Kila sentensi ilifuatana vyema na iliyotangulia. Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilitokea mwanzoni kabisa, pale aliposikia neno moja badala ya jingine. Kutoka hapo mantiki yake safi ilimpeleka mbali na ukweli kwa kasi ile ile ambayo ingempeleka kwenye ukweli. Mtu mwenye akili timamu na nia njema anaweza kujenga nyumba nzima juu ya sikio lililoteleza. Hilo ndilo ninalomwomba msomaji alikumbuke katika sehemu inayofuata.

Gilda aliondoka katika kipindi hicho mwaka 1980, pamoja na Michaels na waigizaji wengine wa awali waliokuwa wamebaki. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya onyesho lake mwenyewe katika ukumbi wa Winter Garden, Broadway, likafanywa filamu na Mike Nichols. Ndoa yake ya kwanza, na mpiga gitaa G. E. Smith, ilivunjika mwaka 1982. Alikuwa amekutana na mwigizaji Gene Wilder walipofanya filamu pamoja, na wawili hao wakafunga ndoa nchini Ufaransa mwaka 1984. Alitamani mno kupata mtoto, lakini mimba zake ziliharibika. Filamu zake hazikufana kama kazi yake ya runinga.

Mwanzoni mwa mwaka 1986 alianza kuhisi uchovu usioeleweka. Yakafuata maumivu ya tumbo, kisha ya miguu. Akaenda kwa daktari mmoja, akaenda kwa mwingine. Aliambiwa kuwa ana virusi vinavyoleta uchovu. Aliambiwa kuwa tatizo liko tumboni. Alidokezewa pia kuwa huenda ni mfadhaiko, kwani alijulikana kuwa mtu mwenye wasiwasi mwingi, na historia yake ya kutatizika na chakula ilijulikana. Yeye alieleza maumivu. Wao wakasikia wasiwasi. Kutoka hapo kila hatua waliyochukua ilikuwa na mantiki yake, kama hoja za Emily Litella, lakini neno la kwanza lilikuwa limekosewa.

Miezi kumi ilipita hivyo. Mnamo Oktoba 1986 iligunduliwa kuwa ana saratani ya ovari, yaani vile vifuko viwili vinavyohifadhi mayai ya uzazi. Ilikuwa imefikia hatua ya nne, ambayo ni ya mwisho. Madaktari wa upasuaji walitoa uvimbe wenye ukubwa wa balungi. Mumewe alisimulia baadaye kuwa hisia ya kwanza ya Gilda alipopewa habari hiyo haikuwa hofu bali afueni: hatimaye kulikuwa na mtu aliyemwamini. Sidhani kuna shutuma kali zaidi ya hiyo. Mgonjwa anapoipokea saratani kwa shukrani kwa sababu imethibitisha kuwa hakuwa akisema uongo, basi tatizo halikuwa katika ovari pekee.

Alitibiwa kwa dawa kali na kwa mionzi. Nywele zilimtoka, naye akafanya mzaha juu ya upara wake kama alivyofunzwa na Dibby. Katika mji wa Santa Monica, California, alijiunga na jumuiya ya wagonjwa wa saratani waliokutana kufarijiana, na huko alipata alichokikosa kwingine: watu waliomsikiliza kwa kuwa walijua. Mwaka 1988 ilionekana kama amepona. Alionekana tena runingani, akaichekesha saratani yenyewe mbele ya hadhira iliyompigia makofi marefu. Aliandika kitabu cha maisha yake, It's Always Something, akiazima jina lake kutoka kwa msemo wenye maana kuwa daima hakukosi jambo.

Saratani ilirudi. Gilda Radner alifariki jijini Los Angeles siku ya Jumamosi, tarehe 20 Mei 1989. Usiku huo huo kipindi alichosaidia kukizaa kilikuwa hewani. Mwenyeji alikuwa Steve Martin, rafiki yake. Aliuacha utangulizi wa vichekesho uliokuwa umeandaliwa, akawaonyesha watazamaji kanda ya mwaka 1978 ambamo yeye na Gilda wanacheza densi, wote wamevaa nguo nyeupe. Alijitahidi kuzungumza, machozi yakimlengalenga.

Yaliyotokea baada ya kifo chake ndiyo yanayonifanya niandike makala haya. Ilibainika kuwa nyanya yake na jamaa wengine wa kike katika ukoo wake walikuwa wamepatwa na maradhi hayo hayo. Habari hiyo ilikuwepo muda wote. Iliyokosekana ni maswali ya kina kuihusu. Mwaka 1991 Gene Wilder alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kueleza hayo, akihimiza fedha zaidi zitolewe kwa utafiti. Sajili ya familia zenye historia ya saratani ya ovari, iliyoko Buffalo katika jimbo la New York, ilipewa jina la Gilda. Watafiti waliwahi kuthibitisha yaliyoshukiwa: mwaka 1994 waliitambua jeni inayoitwa BRCA1, ambayo ikiwa na kasoro humwongezea mwanamke hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, na kasoro hiyo hupatikana zaidi katika jamii kadhaa, wakiwemo Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1995 kituo cha kwanza cha Gilda's Club kilifunguliwa jijini New York ili wagonjwa wa saratani na jamaa zao wapate mahali pa kukutana bila malipo. Vingine vikafuata katika miji mingi. Kipindi chenyewe nacho kilitimiza miaka 50 mwaka 2025.

Si haki kudai kuwa Gilda angepona lau angesikilizwa mapema. Saratani ya ovari hujificha, na hadi leo hakuna kipimo cha kuaminika cha kuwachunguza wanawake wote wasio na dalili. Hata kile kipimo cha mlango wa kizazi ambacho wanawake hushauriwa kukifanya hakiigundui. Dalili zake ni za kawaida mno: tumbo kujaa gesi na kuvimba, maumivu ya kinena, kushiba upesi, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, maneno ya mgonjwa ndiyo chombo cha kwanza cha uchunguzi. Pale ambapo mashine hainusi, sikio la binadamu ndilo tegemeo.

Kwa hivyo nawageukia walimu wenzangu na wanafunzi. Mitihani yetu hupima kusoma na kuandika. Kusikiliza hatukupimi ipasavyo, na tusichokipima aghalabu hatukifundishi. Tunawafunza vijana kuzungumza kwa ufasaha, kana kwamba mazungumzo ni ya mdomo mmoja. Kutoka katika madarasa hayo hayo ndimo watakamotoka madaktari, mahakimu, wazazi na viongozi. Mwalimu na azoee kumwuliza mwanafunzi amesikia nini kabla ya kumwuliza anaonaje. Nawe mwanafunzi, ukirudi nyumbani likizoni, waulize nyanya na shangazi zako habari za maradhi ya ukoo wenu. Ni fasihi simulizi yenye faida kuliko unavyodhani, na wenye kuijua hawataishi milele.

Ajuza wa Gilda alikuwa na fadhila moja ambayo wengi wetu hatuna. Alipoonyeshwa kuwa amesikia vibaya, alikubali papo hapo, akaomba radhi. Wasomi huona haya kufanya hivyo, na haya hiyo ina gharama yake.